Mwami Lubunga na Watoto wa Wajane

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na hasira yake bado haijanitoka kifuani. Nilikuwa kijana, tumekimbia Kivu ya Kusini na kupewa fasi ya kukaa hapa kambi ya Nakivale, ng'ambo ya mpaka. Pale Misiera, kijiji chetu cha kambini, wazazi walikuwa wamewajengea watoto darasa la udongo. Kuta zilikwisha kukauka, kilichobaki ni paa.

Akaja tajiri mmoja kutoka mji wa Mbarara, mwenzetu wa milimani kule kwetu, mwenye duka mtaa wa Nyamityobora. Alishusha mabati mapya, akina mama wakapiga vigelegele. Kisha akatoa sharti lake: shule iitwe kwa jina la babu yake, Mwami Lubunga, aliyetawala vilima vyetu enzi za Wabelgiji. Akamsifu mno: jasiri, baba wa maskini, hakuwahi kuinama mbele ya Mzungu. Wazee wakaitikia kila neno. Mkono mtupu haulambwi, na ule haukuwa mtupu.

Ndipo aliposimama Koko Nabintu, bibi mkongwe kuliko wote kambini, mtu wa maneno machache.

"Mujukuu wangu, asifuye mvua imemnyea," alisema. "Weye mvua ya Lubunga haikukunyea. Miye ilininyea. Alikuwa jasiri, sikatai. Aliua simba na mukuki, niliona. Lakini Wabeleji walipotaka batu ba kupasua barabara mulimani, alitoa batoto ba wajane. Ba kwake akabaficha. Kaka yangu alienda na kamba kwenye shingo. Hatukuona hata kaburi yake."

Uso wa tajiri ukaiva. "Koko, ikala chini. Ile ilishapita. Mukikataa jina, nabeba mabati yangu."

"Beba!" Koko alipaza sauti, akimwonyesha gari kwa fimbo. "Bajukuu bangu basome chini ya jina ya mutu aliyetoa kaka yangu? Beba!"

Na aliyabeba, mwanangu! Watoto wakitazama, aliyarudisha yote garini. Lakini kilichonichoma zaidi ni wazee wetu. Walimgeukia Koko, wakamlaumu yeye. Yeye! Aliyefiwa ndiye aombe radhi? Pasteri wa kanisa letu peke yake alimshika mkono, akamwambia, "Mama, leo weye ndiye umehubiri." Asubuhi yake akachukua mundu, akaenda kukata nyasi, nasi vijana tukamfuata. Paa likawa la nyasi. Lilivuja, sikufichi, ila watoto walisoma. Shule tukaiita Misiera, basi.

Siku hizi nawasikia mkiwasifu wakubwa waliokufa kana kwamba walishuka na mbawa kutoka mbinguni. Inaniudhi! Mtu mkubwa ana mkono aliookolea na mkono alioumizia. Itaje yote miwili. Lubunga aliua simba, ni kweli, na simulizi hiyo isimulie. Ila usikubali ushujaa wa mmoja uwe kifuniko cha kilio cha wengine. Ukisikia sifa za mtawala, nenda kawaulize wajane wake wa kijijini, si wajukuu wake peke yao. Na msema kweli akisimama, hata kama atawakosesha kitu mlichokitamani, usiwe wa kwanza kumwambia akae. Msema kweli hukimbiwa na rafiki, wewe usikimbie.

Haya, nenda. Mungu aliyetuvusha mpakani akupe ulimi usioogopa na moyo usiomwonea mnyonge. Nawe ukishalala mchangani, watoto wako wakutaje mbele za watu bila kuficha neno.