Hela Hailali Kwao

Mama aliuliza swali ambalo mimi, mwalimu mzima, sikuwa nimeliuliza: "Sasa hiyo hela usiku inalala wapi?"

Tulikuwa nyumbani kwake Nyakasimbi. Alikuwa anamenya ndizi kwa kupapasa, maana jicho moja lilishaingia ukungu na la pili lilikuwa njiani. Sisi watoto wake wanne tulikuwa tunachanga kila msimu wa kahawa ili akafanyiwe upasuaji. Dada yetu anayefanya kazi nje ndiye aliyetushawishi tuweke mchango kwa dola za kidijitali, nami kwa ugonjwa wangu wa kutaka kujua kila kitu nikajitolea kuwa mtunzaji.

Swali la mama lilininyima raha. Nikasoma masharti ya ile huduma ya kubadilishia fedha mpaka nikaelewa, kisha nikamweleza kwa mfano wa mshenga. Mshenga anapeleka posa na kurudi na jibu, lakini ng'ombe hawalali zizini kwake, wala bibi harusi halali kwake. Huduma ile ilipokea shilingi kutoka akaunti yetu ya benki, papo hapo ikatuma dola kwenye pochi iliyokuwa ndani ya simu yangu. Siku ya kuuza tungewatumia dola, nao wangeingiza shilingi benki. Kwao hakibaki kitu.

"Na pochi ikipotea?"

"Kuna maneno kumi na mawili ya Kiingereza, mama. Ukiwa nayo, unaifungua kwenye simu yoyote. Usipokuwa nayo, hata wao hawawezi kukusaidia."

Benki ukisahau namba ya siri unakwenda na kitambulisho, unapanga foleni, unanuniwa kidogo, unasaidiwa. Hapa hakuna hata wa kukununia. Jambo hilo lilinivutia na kunitisha kwa pamoja.

Mama akaamua kama anavyoamua mambo ya kibanja, shamba lake la migomba. Mali inayojulikana na mtu mmoja, alisema, ni ugomvi unaosubiri msiba. Kila mtoto apewe maneno matatu, ayashike kichwani, pasiwe na karatasi. Nilicheka, lakini nikatii.

Msimu uliofuata kaka yetu mkubwa akagombana nami kuhusu mpaka wa shamba. Nilisema amesogeza mlamula, ule mmea tunaopandia mipaka. Akasema mimi ni mtu wa mjini, wa Rubwera, najua nini kuhusu mipaka? Akaacha kunisalimia, kisha akaacha kukanyaga kwa mama. Nilimkasirikia hasa, tena sikuficha.

Ndipo simu yangu ikatumbukia kwenye mtumbwi wa kukanyagia ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi. Haikuwaka tena. Hospitali ilikuwa imeshampa mama siku ya upasuaji. Nikanunua simu nyingine, dada zangu wawili wakanitajia maneno yao, na pamoja na yangu yakawa tisa. Nikawaandikia wale wa huduma. Wakajibu kwa adabu kwamba hawana ufunguo wa pochi ya mtu yeyote. Nilikuwa nimemweleza mama hivyo hivyo kwa majivuno, na sasa nilitamani ingekuwa uongo.

"Mpigie kaka yako," mama akasema.

Hakupokea. Nikamtuma dereva wa bodaboda na ujumbe mmoja tu: macho ya mama yanasubiri maneno yako matatu.

Alikuja asubuhi yake, suruali imelowa umande.

"Shikamoo mama."

Mama akageuza uso kuifuata sauti. "Marahaba, waitu, mwanangu. Karibu ndani."

Nami nikasema, "Shikamoo kaka." Akaitikia.

Akayataja maneno yake bila kusita. Pochi ikafunguka. Nikawatumia wale wa huduma dola zote, na chai ilikuwa bado ya moto ujumbe wa benki ulipoingia.

Nikamuuliza, maana mimi lazima niulize, amewezaje kuyakumbuka maneno yasiyo na maana yoyote kwake, muda wote ule.

Akakitazama kikombe. "Nayataja kila asubuhi kwenye sala," akasema, "nikimaliza kumwombea mama."