Minyororo ya Neige mu Matope ya Kasenga

Ile minyororo niliuziwa na mupadri muzungu mumoya aliyekuwa anarudia kwao. Aliniambia kama kwao banaifunga ku mipira ya motoka wakati wa neige, ile baridi nyeupe yenye kuanguka na kulala juu ya balabala. Neige sijaiona mpaka leo. Lakini matope ya njia ya Kasenga mu masika niliijua muzuri, nikajisemea: kintu chenye kushika kule, kitashika na huku. Masomo yangu iliishia mwaka wa pili, sifichi. Lakini ile kamyonete, motoka ndogo ya mizigo, ilikuwa yangu. Haikuwa ya baba, haikuwa ya kampani. Nilipakia mawe ya shaba na haya mabega mpaka nikaipata, na nilikuwa na haki ya kuivalisha namna nilitaka.

Ku Kasenga, tukiwa tunapakia samaki, shofere wa loori kubwa akaona minyororo nyuma ya kiti. Akacheka mpaka akashika tumbo.

– Sitwayen, we raia! Motoka yako ilifanya kosa gani? Unaipeleka ku gereza?

– Inaenda Lubumbashi, nikamujibu. Yako njo itabakia mufungwa.

Bamama bauza samaki bote bakacheka. Mumoya hakucheka, kwa sababu hakuweza kucheka mbele yangu: mama ya bibi yangu niliyemuoa, aliyekuja kununua samaki.

Kwetu, mukwe na mama ya bibi yake habaonane uso kwa uso, habasemeshane, habakule pamoja, mpaka siku familia itapika chakula cha kumuingiza mukwe. Mimi nilikuwa nimeoa, lakini kuingizwa bado. Kwa hiyo kiti ya pembeni yangu ilibaki wazi, na mama akapanda nyuma, juu ya masanduku, na mwavuli wake mweusi. Ile samaki mubichi mu barafu ilikuwa biashara yake yote. Ikioza, meza yake ku soko imekufa. Na barafu haingojake muntu.

Chini ya kilima, pa kutoka mu bwawa, tukakwama. Mvula inapiga, mipira ya nyuma inazunguka bure. Nikashuka na minyororo. Upande wa kushoto udongo ulikuwa mugumu kidogo, nikainua motoka na kriki, nikafunga. Upande wa kuume kriki ilizama yote, nikaichimbua na mikono. Ilibaki njia moya: kutandika munyororo mbele ya mupira, muntu moya asogeze motoka polepole, mwengine aingize ile ncha nyuma ya mupira na kuifunga. Bantu babili. Na ku ile njia tulikuwa mimi na yeye tu.

Nikawa nazunguka motoka. Ndipo nikasikia sauti kutoka juu ya masanduku:

– We motoka, ule mwenye kukuendesha anazunguka sawa kuku yenye kutafuta pa kutagia. Mwambie samaki haiko viatu, inaoza.

Nikaangalia chini, na mimi nikajibu motoka:

– Motoka, mwambie mama kama hii kazi inaomba bantu babili.

Nikasikia anafunga mwavuli. Kisha:

– Motoka, mwambie aingie ndani, ageuze kioo, aangalie mbele. Nitapiga bati ya motoka. Mara moya, aende. Mara mbili, asimame. Akigeuka nyuma, asirudie tena kwa mutoto wangu!

Nikaingia. Kioo nikakigeuza kiangalie juu. Nikamusikia anashuka, anaguna, mguu unatoka mu matope na mulio yake. Nilijua analala chini, maputa yake ya kitenge yamefungwa mu magoti, mukono yake karibu na mupira. Na mvula ilikuwa inapiga lile bati lilelile. Kama nikidanganywa na mvula, ule mukono umekwisha. Mukono wa kuuza, wa kukoroga bukari, ule ugali wetu, uliomubeba bibi yangu.

Bati ikalia, moya. Nikaachilia ambreyaji chini ya mguu kidogo-kidogo, sawa muntu anayesogeza kitanda chenye mutoto mwenye kulala. Mara mbili. Nikasimama. Kisha hakuna kintu. Shingo yangu ilitaka kugeuka, nikaikataza. Nikasikia chuma inakwaruza chuma, na mama anaitukana ndoano ya munyororo wa mupadri kwa Kibemba, matusi yenye hata ku mine ya shaba sijasikia. Moya tena. Nikasogea. Mbili!

Halafu nikasikia anapanda juu ya masanduku, na bati ikapigwa pigo moya kubwa. Hiyo haikuwa mvula.

Minyororo ikauma udongo. Motoka ikatetemeka, matope ikaruka mpaka juu ya miti, na sisi tukapanda kile kilima. Juu, pa njia ngumu, nikasimama kutoa minyororo ili isikate mipira. Mama akasema:

– Motoka, aksanti.

Aksanti ilikuwa ya motoka. Haikuwa yangu.

Nimefanya kazi na banaume benye kujisifu, benye kuingia mu shimo bakiimba. Sijaona mumoya wa kuweka mukono yake chini ya mupira yenye kuendeshwa na muntu asiyemuona.

Ku soko barafu ilibaki vipande-vipande, lakini samaki ilikuwa na macho yenye kung'aa. Bamama benzake bakamuuliza mbona matope mpaka mu shingo. «Niliteleza», akasema, akaanza kupanga meza. Kabla ya jua kupanda sana, meza ilikuwa tupu.

Nyumbani akaambia familia ipike. Wajomba bakakataa: mapema, hata mutoto hatujaona! Bibi yangu alikuwa pale, njo alinielezea namna mama aliwajibu:

– Nilimupatia mukono yangu, akanirudishia muzima. Munangojea nini tena?

Bakapika. Wakaniketisha pa mukeka, kuku mbele, bukari ya moto. Mama akaja, akaketi, akainua uso. Nikaona macho yake mara ya kwanza. Nikangojea baraka.

– Mukwe, akasema, ile ndoano ya kuume imelegea. Ipeleke kwa mufua chuma.

– Ndiyo, mama.

– Kula basi. Bukari inapoa.