Kofia ya Mtani Wangu

Mimi ndiye mtu wa kwanza wa upande wetu wa Chiungutwa kurudi kutoka ng'ambo na stashahada yenye muhuri. Nyumba yangu ni ya bati na saruji, madirisha yana vioo, na hakuna mjomba aliyenichangia hata tofali moja. Nayasema waziwazi kwa sababu ni kweli. Lakini wanaoniuliza ni jambo gani kubwa nimepata kulifanya siwaonyeshi ukutani ilikotundikwa stashahada. Nawasimulia habari ya kofia.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza, nami nasoma shule ya kati Masasi. Darasani nilikuwa wa kwanza. Wa pili alikuwa rafiki yangu, Mmakonde kutoka Mkunya, juu huko Newala. Yeye Mwislamu, mimi Mmakua wa kanisani, na makabila yetu ni watani. Basi tulianza kutukanana kengele ya asubuhi ikilia. Nilimwambia watu wa juu hawaogi, kwa kuwa mama zao hushuka mpaka bondeni kuteka maji na kuyapandisha mlimani kichwani, na nani atayamwaga maji ya namna hiyo mgongoni? Yeye alijibu kwamba sisi wa chini tunaoga kila siku na bado tunanuka. Hakuna aliyenuna.

Mwaka wa mtihani akaumia paja mpirani. Tulidhani ni msuli umestuka tu. Paja likavimba, homa ikampanda, akaanza kuweweseka bwenini. Hospitali ya misheni wakasema usaha umeingia kwenye mfupa. Lazima apasuliwe, mfupa usafishwe. Sindano alikuwa akichomwa, lakini mwili ulikuwa umekwisha nguvu. Daktari alimwambia mama yake mbele yangu, "Ale kwanza, apate damu. Nikimpasua hivi alivyo, atanifia mezani. Tukichelewa sana, usaha utamuua."

Mwalimu wetu alituonya kabla ya kwenda kumtazama: wodini ni adabu, hakuna kelele, hakuna mzaha. Nilikwenda na shati langu safi, nikasimama miguuni pa kitanda, nikasema kwa sauti ya chini, "Pole sana, ndugu yangu." Wenzangu nao vivyo hivyo. Jumapili nilimwombea kanisani mpaka magoti yakauma. Aliponiuliza kibla kiko wapi, mimi niliyekuwa simpati mpinzani katika jiografia nilimjibu papo hapo kuwa kutoka Masasi Makka iko kaskazini. Tukakigeuza kitanda, mimi na mwuguzi mmoja, kikakaa mshazari katikati ya vitanda vilivyonyooka. Mkuu wa wauguzi, mama wa Kizungu, alikitazama, akamtazama mgonjwa, akakiacha hivyo hivyo.

Akawa anaswali kwa ishara, amelala, kofia yake ya nakshi kichwani. Lakini chakula hakukigusa. Uji uliletwa, ukapoa, ukarudishwa.

Siku moja nilimkuta mama yake uani, anachochea moto wa kumpikia. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Hebu niambie, umegombana na mwanangu?"

"La, Mama."

"Mbona humtukani?"

Nikamweleza agizo la mwalimu. Akaacha kuchochea.

"Mwalimu wenu ametoka wapi huyo?"

"Pwani, Mama."

"Ndiyo maana, haujui utani wetu. Mwanangu ananiambia, 'Mama, hata yule Mmakua siku hizi ananiita ndugu yangu, kwa upole. Daktari amekwisha waambia. Nile uji wa nini mtu wa kufa?' Sikia, mtani. Mtu akiheshimiwa na mtani wake ataelewa nini?"

Niliingia wodini nikamvua ile kofia, nikaivaa mimi.

"Inanitosha," nikasema. "Na hili blanketi ni langu. Sahani nayo. Mmakonde akifa mtani hurithi, na mimi nimekuja mapema, nisije nikakuta wenzangu wamegawana." Kisha nikajitupa sakafuni nikalia kilio cha msibani, "Ole wangu! Amekufa bila kuoga!"

Wagonjwa wote waligeuka. Mzee wa kitanda cha pili alianza kucheka, akashika mshono wake wa tumbo, akaniomba ninyamaze. Rafiki yangu alinikazia macho.

"Lete kofia yangu, mnuka matope wewe."

"Ikomboe."

Kwa desturi yetu, kitu alichotwaa mtani hakirudi bure.

"Niikomboe kwa nini, nami sina kitu?"

"Bakuli la uji. Lote."

"Nirudishie, nataka kuswali!"

"Kula, uswali."

Alijiinua kwa viwiko. Mama yake alikuwa amekwisha fika mlangoni na bakuli. Alikunywa akinitukana kila alipovuta pumzi, ukoo wangu wote, mpaka akaukwangua mwisho kwa kidole. Nikamvisha kofia mwenyewe. Kesho yake nikaitwaa tena, naye akaikomboa tena, na kila siku hivyo hivyo, mpaka daktari akasema sasa kisu kinaweza kupita.

Mguu ulipona baada ya muda mrefu, ukabaki mfupi kidogo. Yeye husema aliponywa na dua za mama yake. Mimi husema ni mimi. Mungu anajua, na mpaka leo hajaniambia kuwa nimekosea.

Niliporudi kutoka ng'ambo, watu walijaa Masasi kunipokea. Wazee walinivulia kofia, wanafunzi wenzangu wa zamani wakaniita Bwana Mkubwa, na nakiri nilipendezwa. Ndipo akaja akichechemea katikati ya watu, ametoka Mkunya alfajiri. Alininyang'anya kofia yangu mpya ya Ulaya, akaivaa juu ya ile yake ya nakshi.

"Ikomboe," akasema.

"Niikomboe kwa nini?"

"Uji, Mmakua. Nina njaa."