Mashine Iliyojua Kidole Kimoja

Mpaka leo nikisikia harufu ya vanishi iliyochanganyika na vumbi la mbao, kabla sijakumbuka sura ya mtu yeyote, nasikia kwanza mlio mdogo: tak. Ulikuwa mlio wa kidole cha mama kikinyooka asubuhi. Mama alikuwa anaamka kidole chake cha shahada kimekunjika kama ndoano, hakitaki kufunguka, na kazi ya kukifungua ilikuwa yangu. Anatumbukiza mkono kwenye kibeseni cha maji ya uvuguvugu, mimi nakipaka mafuta ya kupikia kidogo, nakishika kwenye kifundo, nakivuta taratibu kama mtu anayechomoa msumari asipasue ubao, mpaka kinasema tak, na mama anasema, "Haya, duka limefunguliwa." Mdogo wangu anacheka kila siku kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na niliamini kwamba kila nyumba ya Gisozi, kilima chetu, ina mama anayefunguliwa hivyo asubuhi, kama mlango.

Mama alifanya kazi ya kupiga msasa katika karakana moja ya samani huko Agakiriro, mtaa wa mafundi, ambako tangu asubuhi misumeno inalia, wachomeleaji wanarusha cheche, na vitanda vipya vinasimama kando ya barabara kama watu wanaosubiri kuitwa. Likizo ndefu tulishinda huko naye, maana nyumbani hapakuwa na wa kutuangalia. Mashine yake ilikuwa ya umeme, ya waya, ya kijani, nzito, yenye mkanda wa msasa unaozunguka chini kwa kasi. Unaitembeza juu ya mbao kama unapiga pasi, na nyuma yake ubao unabaki laini kama shavu. Tabu ilikuwa swichi. Ilikuwa ile ya kubonyeza kwa kidole, iliyo ndani ya mshikio: ukibonyeza inawaka, ukiachia inazima. Kitufe cha kuifunga ibaki imewaka kiling'oka zamani, na swichi yenyewe ilikuwa imechakaa hata haikukubali tena kubonyezwa hivi hivi. Mama alikuwa ameijulia. Aliibonyeza hadi mwisho, akaisukuma kidogo upande wa kushoto, akaikaza hapo kama mtu anayekamua limau lisilo na maji, akakaa hivyo mchana kutwa. Akilegea hata punde, mashine inakohoa, inazima, halafu inawaka tena kwa hasira na kuchimba shimo kwenye meza ya watu.

Wanaume wa karakana walijaribu wakashindwa, na kwa sababu walishindwa, wakafanya mzaha kila ilipozima. "Mama Kidole! Njoo umwamshe mumeo, amelala tena!" Baba yetu alikuwa amekwenda Kampala kutafuta kazi na hakurudi, wote walijua, na ndiyo maana mzaha ule ulikuwa mtamu kwao. Aliyeupenda kuliko wote ni Kazungu, kijana mpwa wa mwenye karakana, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kukaa juu ya mbao na kula karanga. Alikuwa anakunja kidole chake mfano wa ndoano, anajikunia sikio nacho, anapita mbele ya mama akichechemea, ingawa mama hakuwa anachechemea. Mama alicheka nao. Nilidhani anafurahi.

Mwenye karakana tulimwita Patroni. Hakuwa mtu wa kelele. Siku mama alipomwomba swichi mpya, alimjibu kwa upole kama anayembembeleza mtoto: "Mama Kidole, mashine haijakufa. Kidole chako ndiyo kinataka kufa. Sasa mimi nitengeneze nini?" Wakacheka mpaka vumbi likaruka. Mama alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, ndiyo maana nyumbani tulisema Kiswahili na methali hazikukosekana hata siku chakula kilipokosekana. Jioni ile tukipanda kilima akasema, "Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini changu kinawalisha ninyi wawili." Akaongeza kwamba wapiga msasa wengine wanakuja na kufukuzwa kama kuku, yeye tu ndiye habanduki. Nilibeba nusu ya kwanza ya maneno yake. Ile nusu ya pili niliiacha barabarani.

Mimi ni mtu wa ndoto, tangu zamani, na sioni aibu. Ndege zikipita juu zikielekea uwanja wa Kanombe, mama alipenda kutuonyesha, lakini kidole chake kilielekea chini, kikatuonyesha mabati ya jirani, na mdogo wangu akayakodolea macho yale mabati akiuliza ndege iko wapi. Basi ndoto yangu ya likizo ile ilikuwa ndogo kabisa: mama anyooshe kidole, na kidole kifike mbinguni. Nyuma ya wachomeleaji alikuwepo mzee mmoja Mkongomani, Papa Dodo, mtengenezaji wa pasi na redio, mwenye lundo la vyuma vilivyokufa. Humo ndani niliona mashine ya kijani, pacha wa ile ya mama, mota imeungua lakini swichi nzima. Nikamwomba. Akaniangalia juu ya miwani. "Weye mutoto, unichambulie skrubu zangu zote, kila moja na wenzake. Kisha tutaona." Nikachambua. Mama akidhani nacheza, mimi nachambua, vidole vinanuka kutu, moyo unaimba. Na mzee akanifundisha kwa kuifungua ile mashine maiti na kuifunga tena, mpaka ningeweza kufanya hivyo nikiwa nimefumba macho. Somo lake la kwanza lilikuwa lile lile kila siku: "Kwanza chomoa kwenye ukuta. Hata kama umeme haiko, chomoa. Umeme ni kama mume mulevi, haikuambie saa ya kurudi."

Siku yenyewe umeme ulikatika baada ya chakula cha mchana. Karakana yote ikanyamaza ghafla, ukaweza kusikia mbwa wa ng'ambo ya bonde, na wanaume wakatoka kukaa kivulini. Mama alijilaza juu ya mbao za mlango, akalala na ngumi yake nusu wazi. Nikachomoa. Nikafungua skrubu za mshikio, maganda yake mawili yakaachana, na unga wa mbao wa miaka mingi ukanimwagikia mapajani kama ugali mkavu. Ndani swichi ilikuwa inatia huruma: shaba yake imeungua, imeliwa kama jino bovu, springi imechoka. Kumbe mama alikuwa anashikilia vipande viwili vya shaba vigusane kwa nguvu ya mfupa wake. Nilikuwa nimevuta nyuzi kwenye pindo la kitenge chake, nyekundu na njano; nyekundu nikafunga kwenye nyaya zinazotoka ukutani, njano kwenye zinazokwenda kwenye mota, nisije nikazichanganya. Nikaingiza swichi mpya aliyonipa Papa Dodo, ambayo haikuwa mpya, nikakaza kila waya mahali pake, nikauvuta kidogo kuona kama umeshika, nikaangalia usibanwe, nikafunga. Nilipobonyeza, kabla hata ya umeme kurudi, ilishuka laini na kurudi yenyewe juu kama kifaranga anayeinua kichwa. Nikarudisha waya ukutani. Sikumwamsha mama. Nilitaka aipate mwenyewe.

"Umuriro!" walipiga kelele nje. Ni neno la Kinyarwanda, la moto na la umeme pia. Misumeno yote ya mtaa ikaanza kulia pamoja, na mama akainuka akijifuta macho. Lakini Kazungu alimtangulia. Aliikamata mashine, akakunja mgongo, akatoa ulimi nje kama mtu anayejikamua, na kuita kwa sauti ya kike, "Mume wangu, amka, watoto wana njaa!" Akabonyeza. Mashine ikaimba. Haikukohoa. Aliiachia kwa mshtuko, ikazima. Akabonyeza kwa kidole kimoja, ikawaka. Patroni akaja pole pole akiwa bado anajichokonoa meno, akaichukua, akabonyeza, akaachia, akabonyeza tena.

"Sha, jamani, nani ametengeneza hii?"

Niliinua mkono kama niko darasani.

Alinipapasa kichwa. "Huyu mtoto ana akili kuliko sisi wote." Akamtuma mtu, nikaletewa soda ya machungwa, baridi, chupa nzima peke yangu. Sikuwahi kuwa na chupa nzima. Nikakaa nayo juu ya gogo nikinywa taratibu ili isiishe, huku nikimwona Patroni anazungumza na mama kwa ule upole wake. "Mama Kidole, umechoka kweli. Pumzika sasa. Hata mtoto wako amekuonea huruma. Kazungu atasukuma hii, iko nyepesi. Kesho usijisumbue." Mama alisema, "Patroni, naweza kupaka vanishi." Akajibiwa, "Kwa kidole gani?" Hakuna aliyecheka safari hii isipokuwa Kazungu. Mama akafunga kitenge chake, akakung'uta vumbi, akasimama karibu yangu kunisubiri nimalize soda. Na mimi nikaimaliza. Nilikunywa mpaka chini, nikalamba mdomo wa chupa, kwa sababu nilidhani Patroni amempa mapumziko.

Tulipokuwa tunapanda kilima mama aliniuliza, "Ulizifungaje zile nyaya?" Nikamweleza yote kwa furaha: nyuzi nyekundu, nyuzi za njano, ile shaba iliyoliwa, Papa Dodo na skrubu zake. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja. "Umefanya vizuri," akasema, kisha akaongeza mwendo, mimi na mdogo wangu tukabaki nyuma tukikimbia. Asubuhi iliyofuata niliandaa maji na mafuta. Hakuninyooshea mkono. Alikaa pembeni ya kitanda akakifungua kidole mwenyewe, kwa kukibana kati ya magoti, na haikusikika tak, ilisikika pumzi tu. Ndipo soda ile iliponifika tumboni.

Wahenga wanasema wema hauozi. Labda hauozi, lakini mimi naujua unavyochacha. Mama alianza kufulia watu, na maji baridi yalikikunja kidole kuliko mashine ilivyowahi kukikunja. Tulihamia chumba kimoja kilicho chini zaidi ya kilima, na shule yangu ikaishia darasa nililokuwamo. Majirani walipouliza kwa nini haendi tena Agakiriro, alikuwa na jibu moja: "Mwanangu ni fundi kweli. Alinitengeneza mpaka nikarudi nyumbani." Wanacheka, anacheka, na mimi nacheka kuliko wote, maana nilijifunza kwake kwamba ukitangulia kucheka, kicheko cha wengine hakikuti mahali pa kukaa. Jibu hilo alilirudia miaka. Hata wageni wa kanisani walilijua. Kidole alikuja kuninyooshea tena mvua za masika zilipoanza, akiangalia ukuta; nikakivuta, kikasema tak, na habari za duka kufunguliwa hazikutajwa tena.

Siku hizi nina kibanda changu Kimironko, karibu na soko. Natengeneza pasi, blenda, drili, chochote chenye waya. Swichi zinauzwa zimefungwa kwenye nailoni, na asiyejua waya upi uende wapi anapiga picha kwa simu kabla ya kufungua. Nyuzi za kitenge hazihitajiki. Bado nina ndoto nyingi, nyingine za kijinga. Mama anashinda nami, anakaa kwenye kigoda akimenya njegere kwa vidole vinavyokubali, na ndege zikipita anaonyesha kwa kidevu. Juzi alikuja fundi mmoja wa samani, mtu mwema, mwenye salamu nzuri, amebeba mashine ya msasa kifuani. "Dada, hii iko na kichwa ngumu. Swichi imekwisha. Kule kwetu iko mtu mmoja tu anaijua, akiugua kazi yote inalala. Tengeneza kila mtu aiweze."

Mama aliacha njegere. "Lete niione." Nikaichomeka, akaipakata. Alibonyeza hadi mwisho, akasukuma kushoto, ikakohoa. Akasukuma kulia, akakaza, na ikanguruma mapajani mwake, njegere zikaruka kwenye sinia. Mwenye mashine akapiga makofi. "Yewe! Hata mama anaijua!" Sijui ilinguruma muda gani. Mama alipoachia, kidole kilibaki kimekunjika pale pale.

"Huyo mtu wenu ana watoto?" akauliza.

"Nani, huyo wa mashine? Sijui, mama. Labda iko nao."

Mama aliniangalia. Nami nilikuwa nimeshika bisibisi, sijui niiweke wapi.

"Tengeneza," akasema. "Na sisi tunakula."

Nikachomoa waya ukutani, nikafungua mshikio, nikakung'uta vumbi. Ilikuwa kazi fupi. Nilipomaliza nilimpa mwenye mashine aijaribu, kisha nikaijaribu mimi, kwa kidole kidogo kabisa, kile cha mwisho. Ikawaka mara moja. Ilikuwa imeshakubali kidole chochote.