Tembo wa Sylvester

Agness Waitara hakupenda watu wamsimamie nyuma akiwa kazini. Ndiyo maana, katika chumba cha kutengenezea kompyuta alichokipanga pamoja na Okech karibu na stendi ya Tarime, meza yake aliigeuza ikatazama ukuta. Wateja walizungumza na Okech. Huyu alikuwa Mjaluo wa Sirari, mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka na maneno ya kuwatosha watu wawili, na Agness alimwachia yote. Yeye alibaki na mashine.

Lakini siku ile Okech mwenyewe aliwaacha wateja akaja kusimama nyuma yake, kwa sababu alichoshika Agness hakikuwa cha mteja. Kilikuwa flopi, kile kibapa cheusi cha plastiki ambacho watu walihifadhia kazi zao kabla ya flashi kufika. Juu yake palibandikwa kipande cha karatasi chenye neno moja la wino uliopauka: TEMBO.

"Agy, hii kitu ilikufa kitambo," Okech alisema. "Hata makumbusho wataikataa."

"Nitafutie mashine ya kuisomea. Si una mjomba kila duka la Migori?"

"Wajomba ni wa harusi. Hii ni ya maombi."

"Basi omba, halafu uende Migori."

Okech alicheka, akaenda. Mashine aliyorudi nayo ilikuwa na vumbi la miaka, na ilinguruma kama mtu mwenye kifua. Ilisoma flopi ile mara moja tu, ikanyamaza kabisa. Mara moja ilitosha.

Flopi ilikuwa ya Sylvester, kaka yake Agness. Walizaliwa Machochwe, mahali ambapo shamba linaishia na hifadhi inaanzia bila ukuta wala uzio. Baba yao alifariki mapema, kwa hiyo Sylvester akawa mwanamume wa nyumba akiwa bado na sare ya shule. Jioni za msimu wa mtama alipanda juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, akakesha na tochi na debe la kupigapiga ili tembo wasikaribie. Kuna mwaka mmoja walimshinda. Walikula shamba zima yeye akiwa juu anapiga debe, na walipomaliza alishuka akarudi nyumbani. Mama yao alifoka hadi majirani wakatoka nje. Alipochoka kufoka alimsongea ugali.

Baada ya hapo ndipo Sylvester alipoanza kwenda Mugumu kila Jumamosi. Kulikuwa na kituo kimoja chenye kompyuta chache za msaada, ambazo zilifika zikiwa tayari zimezeeka. Alijifundisha kuandika programu kwa kitabu kisicho na jalada, na programu aliyoiandika ilikuwa gemu. Haikuhusu mpira wala vita. Ilihusu shamba la mtama, dungu, kijana juu ya dungu, na tembo wanaotoka upande wa hifadhi. Ukiwazuia mpaka jua lichomoze, umeshinda. Alimpeleka Agness kuiona mara moja tu. Sylvester alibonyeza, Agness, mtoto wa darasa la tatu, alimwonyesha kwa kidole tembo anayekuja, na wakafika asubuhi na mtama wao wote.

Msimu uliofuata, jioni moja mavuno yakiwa karibu, Agness alikuwa mlangoni anachambua mboga. Sylvester alipita na debe lake. Mama alimwambia, "Mura, kijana wangu, mwaka huu usirudi hapa kuniambia wamekula."

Hakurudi. Asubuhi watu waliukuta mwili wake mbali na dungu, upande ule tembo walikoelekea. Alikuwa ameshuka kuwafuata. Mtama mwingi ulikuwa bado umesimama.

Maneno ya jioni ile hayakutajwa tena kati ya Agness na mama yake. Kitu kimoja tu kilibadilika nyumbani, nacho Agness alikizoea kama watu wanavyozoea kovu: mama hakufunga tena komeo la mlango. Usiku wowote Agness alipolala Machochwe, ndiye aliyeinuka kulifunga.

Flopi ilikaa miaka yote ndani ya kopo pamoja na rozari. Mama aliitoa mwaka huu, aliporudi kutoka hospitali Musoma. Daktari alimweleza kwamba ni presha ya macho, kwamba nuru iliyokwisha kupotea hairudi, na iliyobaki inakwenda.

"Unatengeneza kompyuta za watu wote wa Tarime," mama alimwambia Agness. "Hii ya kaka yako huwezi? Nataka nione alichokuwa anakifuata Mugumu. Nikione kabla giza halijafunga."

Agness alidhani kazi ngumu ingekuwa kuitoa gemu kwenye flopi. Alipoipeleka kwenye kompyuta yake na kuifungua, kompyuta ilimjibu kwa ufupi kwamba programu ya aina hiyo haiwezi kufanya kazi hapo. Basi akatafuta programu nyingine, ile inayojigeuza kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya, ili gemu idanganyike na kudhani ipo kwenye mashine iliyozaliwa nayo. Akaiweka gemu humo, akabonyeza.

Shamba likaonekana, nukta za kijani zilizopangwa mistari. Dungu likaonekana. Kisha kioo kikapepesa, ikasikika milio miwili mifupi, na nukta zote zikawa zimetoweka. Hakuwahi hata kusogeza kidole.

Okech aliinama akatazama. "Hao si tembo. Hao ni wakwe wamesikia ng'ombe wa mahari wamefika."

"Kompyuta ndiyo ina haraka," Agness alisema. Alikuwa amekwisha kufungua maandishi ya programu ya kaka yake, pale yanapoendesha tembo, na kuelewa. Ili tembo atulie kati ya hatua moja na nyingine, Sylvester aliiamuru mashine ihesabu kwanza mpaka namba fulani kubwa. Kompyuta ya Mugumu ilihesabu kwa kujikongoja, na tembo wakatembea vizuri. Hii ya leo ilimaliza hesabu kabla jicho halijapepesa.

"Si uipunguze kasi?"

"Naipunguza. Sijui mpaka wapi. Nilikuwa mtoto, Okech. Sikumbuki walivyotembea."

Alitoka nje, akapiga simu Machochwe. Baada ya shikamoo na habari za macho aliuliza, "Mama, tembo wakiingia shambani wanatembeaje?"

Agness alimsikia mama akivuta kiti.

"Hawakimbii," mama alisema. "Wanatembea kama watu wanaotoka msibani. Hakuna anayemtangulia mwenzake."

Agness alirudi ndani akaipunguza kasi, akajaribu, akapunguza tena. Okech alivuta kigoda akakaa. Tembo walipoanza kutoka upande wa hifadhi wakiwa wamefuatana, mkonga kwa mkia, Agness aliondoa mkono kwenye kompyuta. Ndivyo walivyokuwa. Aliwatambua kama mtu anavyotambua sauti.

Jumamosi alikwenda Machochwe na kompyuta hiyo ya mpakato. Mama alikwisha kusogeza meza mbali na dirisha ili mwanga usipige kioo, na alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Sasa aliona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, ikabidi Agness aisogeze kompyuta kushoto na kulia mpaka ikaingia ndani ya tundu hilo.

"Lile pale ni dungu letu?"

"Ndiyo, mama."

"Yule mfupi ni nani?"

"Ni yeye. Amejichora."

"Alijichora mfupi hivyo kwa nini, na urefu wote ule niliomlisha?"

Agness alicheka. Akauchukua mkono wa mama, akamwekea vidole mahali pake. Hapa unapiga debe, hapa unamulika tochi. Mama alipiga debe kwa nguvu, kama anayeponda karanga, na tembo wa kwanza akageuka kurudi alikotoka. Wa pili alikuwa mstarini kabla mama hajamwona. Wa tatu na wa nne wakapita upande mwingine, na nukta za kijani zikaanza kutoweka moja moja.

"Pale juu, mama. Bonyeza tochi." Agness alinyoosha mkono amsaidie.

Mama aliushika mkono ule, akaurudisha taratibu juu ya meza. Wala yeye hakubonyeza tena. Alikaa akiwatazama tembo wakila mtama mpaka nukta ya mwisho ilipotoweka.

Agness alidhani gemu imekwisha. Lakini yule kijana mfupi aliteremka kwenye dungu. Akatembea, debe mkononi, akishika njia ya chini ya kioo, polepole kama tembo wenyewe, mpaka ikatokea nyumba ambayo Agness hakuwahi kuiona, maana siku ile ya Mugumu walishinda, na Tarime ama kila kitu kilikwenda mbio, ama aliizima kabla ya mwisho. Mlango wa nyumba ukafunguka. Ikasikika ile milio miwili. Kijana akaingia ndani, na maandishi yakatokea.

"Ameandika nini?" mama aliuliza.

Agness akasogea karibu na kioo, akasoma. "'Shamba limekwisha. Mama atafoka, lakini ugali upo.'"

"Soma tena."

Akasoma tena. Mama aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayesikiliza habari ndefu. Kisha akasema, "Irudishe mwanzo."

Tembo walitoka tena hifadhini. Safari hii mikono ya mama ilikuwa mapajani.

Agness aliiacha kompyuta ile Machochwe, akamfungia mama na paneli ya sola ya kuichajia. Alipopiga simu aliuliza habari za macho, kisha za tembo. "Wamekula," mama alijibu kila mara, na kwa sauti ile Agness alijua asiendelee kuuliza.

Alipokwenda tena mvua zilikuwa zimeanza, na mama hakuona hata mkono alionyooshewa. Alimsalimu mwanawe akiwa ametazama pembeni. Baada ya chakula cha jioni alipapasa mpaka mezani, akakitafuta kitufe, akakibonyeza, akaketi na kioo kikimulika uso wake bila yeye kujua. Agness alikaa kando yake akitazama mtama ukiisha. Alitaka kumsimulia, huyu ameingia, yule anafuata, lakini mama alikuwa ameinamisha kichwa, akisubiri.

Milio miwili ya mlango ikasikika.

Mama akainuka. Akaufuata ukuta kwa kiganja mpaka mlangoni, akalitafuta komeo, likamsumbua kidogo kwa kutu, akalifunga.