Kwenda Kibwezi Kuuliza Aliyeandika Barua kwa Timotheo

Tarehe nne Novemba binti yetu Mwende alifariki hospitalini Kitui. Alikuwa akisomea uchungaji katika chuo cha Biblia huko Kibwezi. Siku zake za mwisho nilikaa kando ya kitanda, na kila jioni aliniomba nimsomee barua ya pili kwa Timotheo, pale ambapo mtu anayekaribia kufa anaaga. Nilianza kama tunavyoanza kanisani kwetu Tulia, kwa kumtaja mwandishi: "Maneno ya mtume Paulo." Hilo lilinitia nguvu. Paulo, mzee mfungwa, alikuwa amekiona kifo kinakuja na hakuogopa.

Baada ya mazishi, mwanafunzi mwenzake alituambia, bila nia mbaya, kwamba chuoni walifundishwa kuwa huenda Paulo hakuiandika barua hiyo. Mama Mwende aliacha kula. Alitaka kujua jambo moja tu: je, mtoto alijua? Niliondoka ili nimletee jibu.

Siku ya kwanza nilifika Kanyangi kwa dada yangu Kalunde. Nilimkuta shambani akipalilia ndengu. Alinisikiliza akiwa ameinama vilevile.

"Kwa hivyo unaenda hadi Kibwezi kuuliza nani alishika kalamu?"

"Ndiyo."

"Na ndengu zako nani anapalilia? Huyo Timotheo?"

Nilicheka, mara ya kwanza tangu tuzike. Kisha akaniangalia usoni, akaacha jembe, tukaenda kunywa chai.

Asubuhi nilipata nafasi katika lori la mbuzi la mfanyabiashara mmoja Msomali. Mvua ilikuwa imekata barabara, tukasubiri maji ya mto yapungue. Aliniuliza safari yangu ni ya nini, nikasema msiba. Hakuuliza tena, na tulipofika alikataa nauli.

Kibwezi kulikuwa na joto. Mwalimu wa Mwende, mama wa makamo, alinikaribisha darasani, wanafunzi wakiwa wametoka.

"Sitakuficha, mzee," alisema. "Wasomi wengi wanaona iliandikwa na mfuasi wa Paulo, Paulo akiwa ameshakufa, kwa jina lake. Wengine wanakataa, wanasema ni yake mwenyewe. Hata Injili, ndani yake hazisemi nani aliziandika. Majina tunayoyataja yaliwekwa baadaye."

"Kwa hivyo huyo anayeaga, hakuwa akifa?"

"Huenda hakuwa."

"Mwende alijua?"

"Alijua. Mimi ndiye niliyemfundisha. Kwenye mtihani alieleza hoja za pande zote mbili, vizuri sana."

"Yeye alikuwa upande gani?"

"Hilo sikumwuliza, mzee. Pole."

Nikiwa njiani kurudi nilikumbuka jioni moja hospitalini. Mwende aliniambia, "Soma tu, Baba. Usimtaje mwandishi." Nilidhani amechoka. Sasa sijui kama alikuwa akinihurumia mimi, au kama jina lile lilikuwa likimwumiza.

Nilifika nyumbani jua likishuka. Mama Mwende alikuwa jikoni, muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, ukiwa motoni. Nilichojifunza kilikuwa kidogo, nikamwambia chote.

"Kwa hivyo alijua."

"Alijua."

"Na bado alikuomba usome."

"Kila jioni."

"Kwa nini, Baba Mwende?"

Nilimwambia sijui. Akaepua sufuria, akaifunika, akaingia ndani. Hatukupakua.