Kababu Iliyoonjwa

Mimi si mtu wa kutoka nyumbani, lakini juzi mjukuu wangu alinikokota hadi kwenye gari linalouza baga karibu na stesheni. Harufu ya kitunguu na mafuta ya moto ikanirudisha kwenye mchana mmoja, nimeishika kanga ya mama, mbele ya karai la Mama Shija.

Mama Shija aliuza kababu. Enzi hizo duka la ushirika lilikosa hata sabuni, lakini yeye hakukosa nyama, kwa hiyo watoto tulikubaliana kuwa ni paka. Nami nilikuwa nimewahesabu wa mtaani kwetu, akapungua mmoja.

Hata hivyo mate yalinijaa. Aliopoa kababu ikichuruzika mafuta, akaimega, akatia kipande kinywani mwake, akatafuna taratibu huku akinitazama. Ndipo akanipa iliyobaki.

"Mama, ananilia kababu yangu!"

"Nyamaza, mlafi wewe," mama akasema.

"Mwache, dada," Mama Shija akacheka. "Mtoto wa mjini huyo."

Niliila kwa hasira, nikijua nimeibiwa. Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kuambiwa kwamba kwao kijijini, anayekupa chakula huonja kwanza mbele yako, uone hakina sumu.

Basi juzi kijana wa baga aliponikabidhi yangu, nikamrudishia. "Onja kwanza, baba."

Akaitazama baga, akanitazama mimi, kisha akainama dirishani.

"Bibi," akaninong'oneza, "mimi hizi sili."